Kanumba: Kijana wa Shinyanga aliyeikutanisha Bongo Movie na Nigeria

Ukitaja jina la Steven Kanumba leo, wengi wanaanza na kifo chake. Lakini kabla ya Aprili 2012 kulikuwa na miaka kumi ya kazi, na safari yenyewe ilianzia Kanda ya Ziwa.

Alikotoka
Kanumba, Msukuma, alizaliwa Shinyanga Januari 8, 1984. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi, kisha Sekondari ya Mwadui, kwenye eneo maarufu kwa mgodi wa almasi, kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Kuigiza alianza akiwa bado mwanafunzi.

Kaole
Mwaka 2002 alijiunga na Kaole Sanaa Group, kundi lililotamba kwa tamthilia zake ITV. Hapo ndipo walipotoka pia Vincent Kigosi ‘Ray’ na Blandina Chagula ‘Johari’. Watazamaji wakaanza kumjua Kanumba kupitia Jahazi na Dira.

Kuvuka mpaka
Wakati huo mabanda ya video yalijaa filamu za Nigeria. Kanumba hakuishia kushindana nazo, aliwafuata wenyewe. Mwaka 2006 ilitoka Dar to Lagos, akicheza na Mercy Johnson. Mwaka 2011 akamleta Ramsey Nouah kwenye Devil Kingdom.

Nyumbani nako hakulala. Oprah (2008) aliicheza na Ray na Irene Uwoya. Kwenye Uncle JJ na This Is It, zote za 2010, aliwapa watoto nafasi kubwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwenye Bongo Movie. Hakuwa mwigizaji tu: aliandika, aliongoza na kutengeneza filamu kupitia kampuni yake mwenyewe.

Mwisho
Alifariki Aprili 7, 2012 nyumbani kwake Sinza, akiwa na miaka 28. Aprili 10 maelfu walifurika Viwanja vya Leaders kumuaga, kisha akazikwa makaburi ya Kinondoni.

Anakumbukwa kwa nini?
Kesi iliyofuata ilichukua miaka na kufunika mengi. Ila kwa kijana wa Kahama au Geita anayejirekodi na simu leo, sehemu ya kujifunza ni ile ya kwanza: Kanumba alianza na maigizo ya shule, akajifunza kwenye kundi, ndipo akaanza kutengeneza filamu zake.