Gobore Halina Kiwanda

Msimu wa mlao, maji ya Rufiji yanapoteremka na kuacha tope jeusi bondeni, mkulima hupanda kisha huhamia dunguni. Analala juu ya dungu lake na debe la kugonga, moto ukiwaka chini, masikio yakisikiliza majani. Nguruwe hukimbia debe usiku wa kwanza. Usiku wa tatu ameshalizoea. Kiboko halijali kabisa. Ndiyo maana, tangu kabla sheria ya kwanza ya silaha haijaandikwa, gobore limekuwa chombo cha shamba huku, sawa na jembe na panga.

Sheria hiyo ya kwanza iliandikwa mbali. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, Zanzibar ikiwa miongoni mwao. Ndani yake yaliweka marufuku ya kuingiza silaha katika ukanda mzima wa Afrika uliopo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Sababu ilikuwepo. Miaka miwili kabla, Charles Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Unguja, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilipitia kisiwani kila mwaka kuelekea bara. Nyingi zilikuwa masalio ya majeshi ya Ulaya, yaliyokuwa yakizitupa kila yalipopata bunduki mpya.

Lakini waandishi wa mkataba waliacha mlango. Bunduki za kisasa zilipigwa marufuku. Gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliruhusiwa kwa masharti. Kwenye karatasi mstari huo ni mnyoofu. Kwa fundi mfua chuma haukuwa mstari: gumegume iligeuzwa kuwa ya fataki, mtutu mkongwe ukapata kitako kipya, na bunduki ikaishi vizazi vitatu. Mkataba ulidhani bunduki zote za Afrika hushuka kutoka melini, kwa hiyo aliyeilinda bandari ameilinda nchi. Dhana hiyo ndiyo mzizi wa yote yaliyofuata Rufiji, na kwa maoni yangu haijang'olewa mpaka leo.

Wajerumani waliongeza lao. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai leseni na kutenga maeneo mawili ya wanyama, moja upande wa Kilimanjaro, jingine kando ya Rufiji. Mwindaji wa kijijini akawa mhalifu ndani ya pori alilozaliwa. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha jinsi masharti ya uwindaji, pamoja na wanaume kutolewa vijijini kwenda kufanya kazi za kikoloni, yalivyowaachia nguruwe mashamba ya Uzaramo, jirani wa kaskazini. Walioachwa kupambana na nguruwe hao walikuwa wanawake na watoto.

Mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Matumbi waling'oa pamba pale Nandete, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ameshawagawia watu maji ya kugeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa bado vichanga. Waliosalimu amri walidaiwa bunduki zao. Magobore yakakusanywa, nguruwe wakabaki.

Miaka kumi baadaye delta ya Rufiji iliona jambo ambalo wapenda marufuku wangelitafakari. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye mikoko, Waingereza wakaizingira kwa miezi, na tarehe 11 Julai 1915 ikaishia matopeni. Mizinga yake kumi ya milimita 105 haikuishia pale. Iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kuwekwa magurudumu, ikaendelea kupiga vita bara. Mmoja upo leo Fort Jesus, Mombasa. Chuma kikishaingia nchini, mikono ya mafundi hukipatia kazi nyingine.

Sasa tuje kwenye sheria zetu wenyewe. Aprili 2004 Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Itifaki inataka kila silaha ipigwe alama inapotengenezwa: jina la mtengenezaji, nchi au mahali, namba ya pekee. Ikiingizwa nchini, iongezwe alama ya nchi na mwaka. Mwaka 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, ikachukua nafasi ya ile ya 1991. Mwaka uliofuata wamiliki wakatakiwa kupeleka silaha zao polisi zihakikiwe.

Kwa bastola ya mfanyabiashara wa Kariakoo utaratibu huo unafaa, nami nauunga mkono. Gobore je? Halina kiwanda. Halina mwaka wala namba ya toleo. Lina fundi ambaye pengine alishafariki. Hata ukiligonga namba leo, mtutu hubadilishwa kesho na namba ikaenda na chuma chakavu. Mwenye nalo anajua kulipeleka kituoni ni kukiri kosa, basi analifukia. Kwa kila gobore linalofukiwa, Serikali haijapunguza kitu. Imepoteza tu habari za mahali lilipo.

Wakati huohuo silaha zilizowaliza watu wa ukanda huu zilikuwa na namba zote. Januari 2015 kituo cha polisi Ikwiriri kilivamiwa, askari wawili wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Julai mwaka huo ikawa zamu ya kituo cha Stakishari, Dar es Salaam. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa eneo la Jaribu, Kibiti, na silaha zao zikaondoka na wauaji. Katika miezi ile, wenyeviti wa vijiji na vitongoji na watendaji waliuawa mmoja baada ya mwingine. Bunduki zilizochukuliwa kwenye mashambulizi hayo zilikuwa za Serikali, zimesajiliwa, zina daftari. Namba husaidia kutambua bunduki ikishapatikana; haiwezi kuizuia isiibwe. Wananchi wakazuiwa kuendesha pikipiki usiku, watu wakapotea, na Novemba 2017 akapotea Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyeripoti mauaji hayo. Familia yake bado inastahili jibu.

Sisemi gobore ni chombo kisicho na hatia. Limeua tembo na limeua watu. Lakini sheria isiyotofautisha mlinzi wa mpunga na mvamizi wa kituo inamwacha wa kwanza bila ulinzi na wa pili bila hofu. Tusisahau kwamba kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 simba waliua watu wasiopungua 35 Rufiji. Simba mmoja aliyepigwa mwishoni alikutwa na jipu kubwa chini ya jino. Miezi ishirini ni mingi mno kumsubiri bwana nyama.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wa Kibiti na Rufiji, na wizara zinazohusika na usalama na wanyamapori: sheria ya silaha itakapofunguliwa tena, kila kijiji cha bondeni kipewe bunduki halali za pamoja, zitunzwe chini ya serikali ya kijiji na kushikwa na watu waliofunzwa. Anayeleta gobore apewe ulinzi wa shamba lake badala ya mashtaka. Na kabla ya kuandika kifungu cha kwanza, wajumbe wa kamati ya Bunge walale usiku mmoja dunguni Ngarambe, mpunga ukiwa umeiva.