Bungeni kwa Niaba ya Mkorosho

Mwaka 1995 Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, alimkabidhi Anna Abdallah Wizara ya Ujenzi. Naibu wake alikuwa mbunge mpya kutoka Biharamulo, John Magufuli. Novemba 2018 naibu huyo, sasa akiwa Rais, aliivunja Bodi ya Korosho Tanzania, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Mama Anna. Mwezi huo huo aliwaondoa Charles Tizeba kwenye Kilimo na Charles Mwijage kwenye Viwanda na Biashara. Yote hayo kwa sababu ya bei ya korosho.

Anayeijua Newala, wilaya ya korosho jirani na Masasi, hashangai. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Udongo ni kichanga, na kwa vizazi vingi wanawake wameteremka mabondeni na kupanda tena na maji kichwani. Mkorosho huvumilia mahali kama hapo. Miaka ya 1950, Liwali Yustino Mponda wa Newala alipokuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, miti hiyo ilikuwa ikienea uwandani, na ndipo maji yalipoanza kupandishwa kwa pampu. Tangu enzi hizo hakuna mwakilishi wa huku aliyeweza kuzungumzia kilimo bila kugusa maji, bei na nyumba za watu.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho. Kisha ukaja uhamisho wa watu kwenda vijiji vya ujamaa. Familia zilihamishwa zikaiacha mikorosho yao mbali, na shamba lisilopaliliwa huliwa na msitu. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo mno kumrudisha shambani, na ugonjwa wa ubwiriunga ukamalizia kwa kukausha maua kabla hayajafunga. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 17,000. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kwa mikopo miaka ya 1970, Masasi na Newala vikiwemo, vilikosa korosho za kubangua. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, walisaidia kulirudisha zao kwa kufundisha kupuliza salfa na kwa mbegu bora. Lakini salfa ni fedha, na huhitajika katikati ya mwaka, wakati mkulima amekwisha kutumia alichouza.

Hapo ndipo familia inapoingia. Fedha za korosho huja mara moja kwa mwaka, kuanzia Oktoba, na ndizo za bati, ada, matibabu, jando na unyago. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana kauli nzito. Hata hivyo mwanamke anayepalilia si lazima awe ndiye anayepokea malipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilimpa haki sawa ya kumiliki ardhi. Mama Anna alikuwa serikalini wakati huo, baadaye akawa Waziri wa Afya, na kwa miaka mingi aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT) na kundi la wabunge wanawake waliodai nusu kwa nusu katika vyombo vya maamuzi. Madai hayo yalikuwa na maana kubwa zaidi vijijini kuliko Dodoma.

Kwenye biashara, mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho mwaka 2007, ili mkulima apeleke mzigo kwenye chama cha msingi na uuzwe mnadani badala ya kuchukuliwa na kangomba, mlanguzi anayenunua kwa bei ya njaa kabla ya msimu. Vyama vikuu vya ushirika, MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba, vikawa majina ya kila siku. Msimu wa 2017/18 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na nchi ikavuna zaidi ya tani 300,000.

Juni 2018 ndipo Serikali ilipopendekeza kuondoa kifungu kilichorudisha asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje kwenye zao lenyewe, yaani kwenye salfa, miche na utafiti. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu, wa CCM na wa upinzani kwa pamoja. Hawa Ghasia wa Mtwara Vijijini, mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, alikuwa mstari wa mbele, na miezi michache baadaye aliachia uenyekiti. Kifungu kiliondolewa. Walikuwa na haki: fedha hizo zilikuwa jasho la mkulima.

Oktoba wanunuzi walikuja na bei za chini, na wakulima wa Newala na Tandahimba wakakataa kuuza. Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakapanda uwandani. Bei ilikuwa nzuri, malipo yakachelewa. Aliyepeleka zaidi ya kilo 1,500 alihakikiwa kwanza, isije ikawa ni kangomba, huku shule zikifunguliwa Januari na ada inadaiwa.

Tangu hapo pembejeo za ruzuku zimerudi, na msimu wa 2024/25 uzalishaji ulipita tani 500,000. Sehemu kubwa ya korosho hizo bado huondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam, na kazi ya kubangua, ambayo ingewapa ajira vijana na akina mama wa Masasi na Newala, hufanywa huko.