Nyongo Ilisingiziwa Mambo Mingi

Kila mtoto wa kwetu aliyewahi kusaidia kutengeneza kuku wa sikukuu anajua lile onyo: "Angalia sana, usipasue nyongo!" Kifuko kidogo cha kijani kimejibandika kwenye ini. Kikipasuka, nyama inakuwa chungu, na utasikia maneno siku nzima. Hapo njo elimu yetu ya nyongo inaanziaka, na kwa wengi wetu hapo njo inaishiaka.

Hata mimi ilikuwa hivyo, pamoja na lisansi yangu ya agronomia, mpaka jambo lilipofika kwa mama mudogo. Miaka mitatu alisumbuliwa na maumivu ya tumbo, juu, upande wa kuume. Yalikuwa yanakuja kisha kula chakula cha mafuta, zaidi usiku, na yanapanda mpaka kwenye bega. Kwanza walisema ni vidonda vya tumbo. Alafu jirani mmoja akasema: hii ni karuho, huyu alilishwa sumu. Basi familia ikaanza kuhesabu ni nani alimkaribisha chakula. Akapewa dawa za kutapisha. Mbuzi wawili waliuzwa. Dada wawili wa tumbo moja wakaacha kusalimiana.

Siku macho yake yalipogeuka njano, tukamfikisha kwa ekografi. Kumbe ni mawe ndani ya kifuko cha nyongo, na moja limeshuka likaziba mfereji. Munganga akasema: tutoe lile jiwe, na kifuko chenyewe tukitoe. Kikao cha familia kikauliza swali moja tu: "Mtu bila nyongo ataishi namna gani?" Wote wakanigeukia, juu mimi njo nilisoma. Mimi wa mihogo na mahindi! Nikaenda kutafuta jibu katika vitabu, na nikakuta kama lile swali lina historia ndefu.

Inaanzia kwa Wagiriki. Miaka kama 400 kabla ya Kristo, waganga wa shule ya Hippocrates walifundisha kwamba mwili una maji manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Yakilingana, mtu ni mzima. Moja likizidi, mtu anagonjwa. Mwenye nyongo ya njano nyingi ana hasira, mwenye nyongo nyeusi ana huzuni. Galen, munganga wa karne ya 2, aliyapanga mafundisho hayo vizuri sana, na kwa zaidi ya miaka 1000 watu wa Ulaya na wa nchi za Waarabu waliyafuata. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tungali tunayabeba mdomoni: mélancolie maana yake kwa Kigiriki ni nyongo nyeusi, na colère nayo inatoka kwenye ukoo wa nyongo. Tatizo ni kwamba ile nyongo nyeusi kama maji ya pekee ya mwili haikuwako. Watu walitolewa damu na kuharishwa juu ya kitu ambacho hakuna aliyekipata.

Mageuzi yalianza pale watu walipoacha kukisia na kufungua kuangalia. Antonio Benivieni, munganga wa Florence huko Italia, alikuwa anapasua maiti ili ajue nini kiliua. Kitabu chake kilitoka mwaka 1507, kisha kifo chake, na ndani yake alieleza mawe aliyoyakuta kwenye nyongo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichunguza kitu cha mafuta kilichotoka katika mawe kama hayo, akakipa jina kolesterini, yaani nyongo ngumu. Kolesteroli, ile tunayoiogopa leo kwa sababu ya moyo, jina lake lilizaliwa ndani ya mawe ya nyongo.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Nyongo inatengenezwa na ini. Kwa siku moja ini la mtu mzima linatoa kati ya nusu litre na litre moja. Kifuko hakitengenezi kitu. Chenyewe ni gala. Kinabeba mililita 30 mpaka 50 tu, lakini kinanyonya maji na kuiacha nyongo ikiwa nzito. Ukila sombe yenye mawese, mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, utumbo unatoa homoni ambayo Ivy na Oldberg waliitambua huko Marekani mwaka 1928, inaitwa kolesistokinini. Homoni hiyo inaamuru gala lijikaze na kumwaga. Nyongo inavunja mafuta kuwa matone madogo madogo, sawa vile sabuni inavyofanya kwenye sahani. Bila hiyo, vitamini A, D, E na K hazipiti vizuri. Ile rangi nyekundu ya mawese tunayoisifu mu mafunzo ya lishe inahitaji nyongo ili iwe vitamini A mwilini. Chumvi za nyongo zenyewe hazipotei: karibu zote zinanyonywa tena mwishoni mwa utumbo, zinarudi kwa ini, zinatumika tena. Njo kilimo bila taka.

Mawe yanatokea pale mchanganyiko unapokosa usawa. Kolesteroli ikizidi, au kifuko kikichelewa kumwaga, chembe zinashikana, mwaka kwa mwaka, mpaka ziwe changarawe au jiwe. Wanawake wanapata zaidi ya wanaume, zaidi wale waliobeba mimba mara nyingi. Unene unachangia, na kukonda kwa haraka pia. Kuna tena mawe meusi yanayotokana na bilirubini, yaani mabaki ya damu iliyovunjika. Hayo tunayaona kwa ndugu zetu wenye ugonjwa wa SS, hata wakiwa vijana, juu damu yao inavunjika upesi.

Turudi kwa swali la familia. Mwaka 1867, John Bobbs alimpasua mama mmoja huko Indianapolis akifikiri ni uvimbe mwingine. Akakuta kifuko kimejaa mawe. Akayatoa, akakishona, akakiacha ndani. Mama alipona. Lakini kwa wagonjwa wengine waliotibiwa hivyo, gala lililobaki lilitengeneza mawe mapya. Ni Carl Langenbuch wa Berlin aliyeliona jambo kwa namna ingine: kosa haliko kwa mawe tu, liko kwa kifuko kinachoyazaa. Alijizoeza muda mrefu kwenye maiti. Tarehe 15/07/1882 alimpasua mwanaume wa miaka 43 aliyeteswa kwa miaka 16, akakitoa kifuko chote. Kesho yake mgonjwa hakuwa na homa, alikuwa anavuta sigara yake.

Na wanyama walikuwa wameshatoa jibu zamani. Aristotle aliandika kwamba farasi na paa hawana kifuko cha nyongo. Panya-buku naye hana, na njiwa tunaowafuga hana. Wote wana ini, wote wanatoa nyongo, inashuka moja kwa moja kwenye utumbo. Katika karne ya 17 wachunguzi walikitoa kwa mbwa, na mbwa wakaendelea kuishi. Gala likibomoka, shamba lingali linazaa. Hilo njo nililowaambia wazee kwenye kikao.

Hata mbinu mpya ilipingwa. Mwaka 1985 Erich Mühe, Mjerumani, alikitoa kifuko kupitia matundu madogo. Mwaka uliofuata wapasuaji wenzake walimkataa. Philippe Mouret wa Lyon alifanya vilevile kwa njia yake mwaka 1987, na leo ni kawaida kwenye hospitali nyingi za dunia.

Musifikiri kusingizia nyongo kuliisha na Wagiriki. Januari 2015, katika mkoa wa Tete, Musumbiji, watu 75 walikufa kisha kunywa pombe ya kienyeji kwenye msiba. Habari ikatembea upesi: wametiliwa nyongo ya mamba! Uchunguzi ulikuta sumu inayotengenezwa na bakteria, Burkholderia gladioli, ndani ya unga wa mahindi uliopikiwa pombe. Mimi wa mahindi nilisoma habari hiyo mara mbili. Watu walikuwa wanamtafuta mchawi mwenye mamba, kumbe adui yuko mu unga.

Basi tuchukue nini? Mtu mwingi ana mawe na hajui, na yasipomsumbua, mara nyingi hayahitaji kupasuliwa. Lakini maumivu makali upande wa kuume juu, kisha kula mafuta, yanayoshika nusu saa au masaa, yanastahili ekografi. Kukiongezeka homa, macho ya njano, mkojo wa kahawia au choo cheupe, usingoje kesho: mfereji unaweza kuwa umeziba, na hapo damu inaweza kuchafuka, au kongosho nalo likawaka. Dawa za kutapisha hazitoi jiwe. Zinakula siku, na siku njo mgonjwa hana.

Mama mudogo alipasuliwa. Mwanzoni alikula mafuta kidogo kidogo, choo kikawa laini kwa muda, kisha kikatulia. Leo anakula sombe yake na anaongoza mavuno kuliko sisi vijana. Kifuko kilitoka kwa siku moja. Lakini neno karuho bado halijatoka katikati ya wale dada wawili. Kila mmoja anakumbuka nani alitajwa, na hakuna operesheni ya kutoa hilo.

Kwa hiyo, wandugu wenye diploma: siku ndugu yenu atakaposhika tumbo na watu waanze kunong'ona, mutageukiwa nyinyi pia. Muulize wapi kuna ekografi kabla ya kuuliza nani alipika.