Mtu Aliyekufa kwa Kuokoa Nakshi za Nyumba

Wako watu wanaokusanya stempu za barua, na wako wanaokusanya fedha za zamani. Leo tuseme habari za mtu aliyekusanya mapambo ya nyumba zilizobomolewa: mawe, udongo wa kuchomwa, na hasa vyuma vizito vyenye nakshi za majani na maua. Jina lake ni Richard Nickel, mwenyeji wa Chicago, mji mkubwa wa Marekani. Kazi hiyo ndiyo iliyomwua.

Kwanza tujue nakshi za chuma zilifanywaje. Mhunzi hupiga chuma kwa nyundo, kipande kimoja kimoja. Lakini fundi wa kusubu hufanya namna nyingine. Mchongaji huchonga mfano wa mti. Mfano huo hushindiliwa katika mchanga wenye unyevu, kisha huondolewa, nayo alama yake hubaki. Ndipo chuma kilichoyeyuka humiminwa mle ndani. Kikipoa, mchanga huvunjwa, na tazama, ua la mti limekuwa ua la chuma! Kwa mfano mmoja waweza kupata vipande mia. Kwa hiyo, katika karne ya 19, hata mwenye duka wa kawaida aliweza kupamba mlango wake kama jumba la mfalme.

Moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Chicago mwaka 1871. Mji ulipojengwa upya, mafundi wengi walikuja kutafuta kazi. Mmoja wao alikuwa Louis Sullivan, aliyezaliwa Boston mwaka 1856. Pamoja na mwenzake Dankmar Adler alijenga majumba marefu, na nakshi zake zilikuwa kama mbegu zinazochipuka na mizabibu inayotambaa. Mwaka 1894 walimaliza jumba la Soko la Hisa. Ngazi zake zilikuwa za chuma cha kusubu kilichopakwa shaba. Lakini sifa ya watu haidumu: Sullivan alikufa mwaka 1924, maskini kabisa.

Baada ya vita vya pili vya dunia, wenye mali walitaka majumba mapya. Yale ya Sullivan yakaanza kuanguka moja moja. Nickel, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa akijifunza kupiga picha, akapewa kazi ya kupiga picha za majumba hayo. Kumbe, alipokuwa akiyatafuta, wengine walikuwa wakiyabomoa! Mwaka 1960 alisimama njiani pamoja na wenzake kutetea jumba la michezo lililoitwa Garrick. Hawakusikilizwa. Mwaka 1961 lilibomolewa, na mahali pake pakajengwa nyumba ya kuwekea motokari.

Basi Nickel akashika nyundo, msumeno na kamba. Aliingia katika majumba yanayobomolewa, akafungua nakshi, akazibeba mpaka nyumbani kwa wazazi wake. Hakuwa tajiri. Sehemu kubwa ya vitu vyake ilinunuliwa na chuo kikuu cha Edwardsville, katika jimbo lile lile la Illinois, ili visitawanyike.

Tarehe 13 Aprili 1972 aliingia peke yake katika jumba la Soko la Hisa, ambalo lilikuwa likibomolewa. Sakafu ikaanguka, ikamfunika. Rafiki zake walimtafuta, na maiti yake ikapatikana karibu wiki nne baadaye, tarehe 9 Mei. Alikuwa na umri wa miaka 43, naye alikuwa karibu kuoa. Alizikwa katika makaburi ya Graceland, alimozikwa Sullivan pia.

Sasa tazameni habari nyingine. Huko New York, James Bogardus alijenga maduka yenye kuta za mbele za chuma cha kusubu mwaka 1849, vipande vikifungwa kwa skurubu. Mwaka 1971 kuta hizo zilifunguliwa kwa uangalifu, zikawekwa uwanjani zingojee kusimamishwa tena. Lakini mwaka 1974 wezi walichukua sehemu kubwa, wakaivunja na kuiuza kama chuma chakavu. Kilichodumu miaka 125 kiliuzwa kwa kilo.

Mwizi na mkusanyaji waweza kushika ua lile lile la chuma. Mmoja huuliza, "Uzito wake kiasi gani?" Mwingine huuliza, "Limetoka wapi, na nani alilichora?" Nakshi isiyojulikana nyumba yake ni kama yatima asiyejua jina la baba yake. Kwa sababu hiyo Nickel hakukusanya vyuma tu. Alipiga picha za majumba yenyewe kabla hayajaanguka.

Kazi yake haikupotea. Chumba kikubwa cha Soko la Hisa kilijengwa tena katika jumba la sanaa la Chicago, kwa vipande vilivyookolewa. Ngazi za chuma kutoka jumba lile zimo katika jumba la Metropolitan, New York, na watu huzipanda mpaka leo. Na mwaka 2010, miaka 38 baada ya kifo chake, kitabu alichokianza juu ya majumba ya Adler na Sullivan kilitolewa.

Je, ua la chuma lastahili maisha ya mtu? Hapana, hata rafiki zake wangalipenda awe hai kuliko kupata ngazi zote za Chicago. Lakini kama wengi wangalisema neno mapema, mmoja asingalilazimika kuingia peke yake penye hatari.