Filamu ya Nakala ya Nyeusi na Nyeupe

Filamu ya nakala ni ile inayochapishiwa picha kutoka kwenye negativu ili ioneshwe sinemani. Mfano unaojulikana ni Kodak 2302, yenye msingi wa poliesta. Kwa kuwa utando wake wa fedha huathiriwa hasa na mwanga wa buluu, fundi hufanya kazi chini ya taa hafifu ya kijani-manjano, tofauti na negativu za kamera, ambazo kwa kawaida hutaka giza totoro. Filamu ya nakala hushikwa kingoni kwa glavu safi: alama ya kidole kwenye fremu ya milimita 35 huonekana kubwa kuliko mtu ikifika kwenye pazia.

Kiwanda huisafisha kwa dawa ya D-97 yenye nyuzi 21 za Selsiasi. Joto likipanda kidogo tu, weusi hukolea na nyuso hupoteza vivuli vyake laini. Kisha huja asidi ya kusimamisha, halafu dawa iitwayo haipo, inayoondoa fedha isiyopigwa mwanga. Kuosha kusifanywe haraka. Mabaki ya haipo huigeuza picha manjano na kuififisha.

Poliesta haishiki gundi ya kawaida ya filamu, hivyo huungwa kwa utepe wa kunata au mashine ya mawimbi ya sauti.