Mafiga, Zidaka na Makabati ya Ruiru

Ruiru, mji wa Kiambu nchini Kenya, ilijulikana kwa kahawa kabla haijajulikana kwa nyumba. Ruiru 11, aina ya mbuni inayostahimili magonjwa, ilitoka katika kituo cha utafiti kilichoko hapa na kufika kwa wakulima mwaka 1985. Tangu hapo mibuni mingi imeng'olewa, mashamba yakakatwa ploti, na barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012 waliokuwa wakisitasita wakaja. Sensa ya 2009 ilikuta watu 238,858 mjini; ile ya 2019 ikakuta 490,120. Wengi wa hawa walijenga kwa haraka, chumba baada ya chumba, pesa zikipatikana. Sasa ndio wanarudi kurekebisha, na mara nyingi wanaanzia jikoni.

Mambo huanzia kwenye simu. Mwenye nyumba anamwonyesha fundi picha: makabati meupe yasiyo na vishikio, kaunta nyeusi inayong'aa, taa zimefichwa chini ya makabati ya juu. Fundi anatazama, anatoa futi, anapima ukuta na kutaja bei. Mwenye nyumba anashtuka. Wanaanza kupunguza: badala ya graniti, vigae, badala ya mbao ngumu, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa), badala ya MDF, chipboard (ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa). Picha inabaki ileile, vitu ndivyo vinavyozidi kuwa hafifu. Naona hapo ndipo pesa zinapopotelea. Jiko la bei nafuu halipatikani kwa kukondesha picha ya mtu mwingine. Ni heri kuuliza kwanza picha yenyewe ilitoka wapi, na ilichorwa kwa ajili ya mpishi gani.

Ilitoka Frankfurt. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mji huo wa Ujerumani ulikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba, na msanifu Ernst May akapewa kazi ya kusimamia ujenzi wa mitaa mipya ya watu wa kipato cha kawaida. Mwaka 1926 mmoja wa wasanifu wake, Margarete Schütte-Lihotzky kutoka Austria, alichora jiko lenye upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Alikuwa amesoma maandishi ya Mmarekani Christine Frederick, aliyehesabu hatua za mwanamke jikoni kwa namna ileile mameneja wa viwanda walivyohesabu mienendo ya vibarua. Alitazama pia jiko la behewa la chakula kwenye treni, ambamo mpishi hugeuka tu, hatembei. Kila kitu kikapata mahali pake: vyombo vidogo vya alumini vya kuwekea mchele na sukari, ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani, kigoda cha kuzunguka mbele ya meza ya kukatia. Majiko kama 10,000 ya aina hiyo yaliwekwa. Gharama ikawa ndogo kwa sababu yalifanana, si kwa sababu yalitengenezwa vibaya. Makabati yote ya kupachika tunayoyaona leo, ya China, ya Ulaya au ya karakana ya kando ya barabara, yana damu ya jiko lile.

Wapangaji hawakulipenda wote. Lilikuwa la mtu mmoja. Wawili wakiingia wanagongana viwiko. Mama alitengwa na familia, akafungiwa kama dereva ndani ya kabini ya lori. Schütte-Lihotzky mwenyewe alikiri baadaye kwamba alipolichora hakuwa mpishi wala hakuwa amewahi kuendesha nyumba. Simlaumu, alichotaka ni kumpunguzia mwanamke wa kazi saa za kusimama jikoni. Lakini ni vizuri mwenye nyumba wa Ruiru ajue kwamba picha iliyo kwenye simu yake ilichorwa kwa mpishi mmoja, wa viazi na supu, katika nyumba ya ghorofa isiyo na ua.

Na kuna jambo la kustaajabisha kidogo. Ernst May aliishi kwetu. Alihama Ujerumani kabla ya utawala wa Hitler kwenda Muungano wa Kisovyeti, kisha akaja Tanganyika, akalima karibu na Arusha, halafu akahamia Kenya na kuwa msanifu Nairobi. Alichora mpango wa upanuzi wa Kampala miaka ya 1940 na Hoteli ya Oceanic ya Mombasa. Mtu ambaye chini yake jiko la kisasa lilizaliwa alipikiwa kwa miaka mingi katika nchi ya mafiga.

Katika nchi hiyo, Kiambu ilikuwa na mpango wake wa jiko, na haukuwa wa kubahatisha. Nyumba ya mwanamke wa Kikuyu ilikuwa na moto katikati, mawe matatu, na watoto wakiuzunguka. Juu ya moto kulikuwa na itara, dari ya fito iliyobeba kuni zikauke. Pembeni kulikuwa na thegi, stoo ya ndani ya mama. Nje, uani, kulisimama ikumbi la nafaka, limeinuliwa juu ya miguu kuukwepa unyevu na panya. Ukiutazama mpango huu kwa jicho la msanifu, unaona akiba imegawanywa kwa umbali: ya leo karibu na moto, ya wiki hii thegi, ya msimu mzima nje kabisa. Hakuna aliyetaka gunia zima la mahindi liwe karibu na mkono. Ndani ya makabati ya Ruiru leo utakuta gunia la mchele la kilo 25 limesukumwa chini ya sinki, mahali penye maji kuliko pote nyumbani.

Pwani wao walikuwa na suluhisho jingine. Katika nyumba za mawe za Lamu jiko mara nyingi liko juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi na joto viondoke bila kupita vyumbani. Katika nyumba za kawaida za Kiswahili liko nyuma, uani, karibu na maji. Mpishi huketi: yuko kwenye mbuzi akikuna nazi, au kwenye kigoda akisukuma chapati juu ya kibao kilicho sakafuni. Kinu kiko nje kwa sababu kutwanga kunatikisa. Vyombo vya thamani, kaure za kutoka China, havikukaa jikoni hata kidogo. Vilikaa chumba cha ndani, ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopigwa lipu ya chokaa na kuchorwa nakshi. Kwa hiyo Pwani ilijua kuhifadhi vyombo ukutani karne kadhaa kabla ya Frankfurt, ila ilifanya hivyo kwa jiwe na chokaa. Zidaka za karne ya 18 bado zipo Lamu. Kabati la chipboard lenye bomba linalovuja ndani yake huanza kuvimba miguu katika msimu mmoja wa mvua.

Sasa tuyaweke majiko haya pamoja. Mkikuyu na Mswahili walitofautiana kwa mengi, kuanzia umbo la nyumba hadi nani anaruhusiwa kuona jiko, lakini walikubaliana juu ya jambo ambalo Frankfurt ililikataa: kazi nzito na kazi nyepesi hazikai mahali pamoja. Kutwanga, kuchemsha githeri ya mahindi na maharagwe kwa saa tatu, kuosha sufuria zenye masizi, hayo ni ya chini au ya nje. Kukata kitunguu, kuchemsha chai, kupakua, hayo ni ya ndani. Frankfurt iliweka yote kwenye kaunta moja ya kimo kimoja, na kwa chakula chao ilitosha.

Kwa chakula chetu haitoshi, na hesabu yake ni rahisi. Kaunta ya kawaida ina kimo cha sentimita 90. Weka juu yake jiko la gesi la meza, sentimita 10. Weka sufuria ya ugali ya familia, sentimita 20. Mdomo wa sufuria sasa uko sentimita 120 kutoka sakafuni, na kiwiko cha mama mwenye urefu wa sentimita 160 kiko kama mita moja. Ugali husongwa kwa kukandamiza. Hapa anausonga akiwa ameinua mabega. Mukimo ndio mbaya zaidi. Viazi, mahindi na majani ya malenge vikishaiva, mwiko lazima ushuke kwa uzito wa mwili, na sufuria juu ya graniti laini inateleza. Ndiyo maana katika nyumba zenye makabati ya kupendeza utaona sufuria imeteremshwa sakafuni, imebanwa kati ya nyayo mbili juu ya kitambaa kilicholowa, na mpishi ameinama juu yake akiwa ameipa mgongo kaunta iliyogharimu karo ya mihula kadhaa.

Hivyo ushauri wangu wa kwanza haugharimu kitu: shusha kipande cha kaunta kinachobeba jiko kwa sentimita 15 au 20. Makabati ya kiwandani hayapendi jambo hilo, maana yote huja na kimo kimoja. Lakini kuna njia ya kujenga jiko ambayo si tu inaruhusu jambo hilo, bali pia ni nafuu, na watu wa huku wameitumia kwa miaka bila kuiringia. Unasimamisha kuta fupi za mawe ya Ndarugu, yale ya machimbo ya upande wa Juja, nyembamba kadiri unavyoweza kupata. Unamwaga slabu ya zege juu yake, unaacha tundu la sinki, unapiga lipu ndani na kuweka vigae au graniti juu. Baadaye fundi seremala anakuja na fremu, milango na droo peke yake. Maji yakivuja, yanakuta saruji. Mende hawapati uwazi wa nyuma wa kujificha. Milango ikichoka baada ya miaka kumi, unabadilisha milango tu. Kabati la namna hii ni ndugu wa kidaka cha Lamu, ingawa halina nakshi.

Kasoro zake zipo. Kuta zinakula nafasi, na katika jiko la upana wa mita mbili kila inchi inauma. Ukikosea mahali pa sinki, utavunja. Mpangaji asijaribu. Lakini kwa mwenye nyumba yake mwenyewe, na hasa kwa anayekarabati polepole, nafasi kidogo inayopotea inalipwa na uhuru wa kununua kwa awamu: slabu mwaka huu, milango mwaka ujao.

Kuhusu milango yenyewe watu hugombana sana. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ya mbao ilipanda, na marufuku hiyo haikutangazwa kuondolewa hadi Julai 2023. Saipresi mbichi iliyokimbizwa sokoni hujipinda, na mlango wa kabati uliojipinda haufungi tena. MDF haijipindi kirahisi, inapakwa rangi vizuri, lakini inakunywa maji kama haikuzibwa kingo zote, pamoja na ule ukingo wa chini ambao fundi anajua hutauangalia. Pitisha kidole pale. Ubao mmoja wa futi 8 kwa 4 na unene wa milimita 18 hutoa milango mingi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo muulize fundi atakata vipi kabla hajakuambia ni mbao ngapi za kununua. Karibu na sinki lipa zaidi kidogo upate marine board, ubao unaostahimili maji. Na ukilazimika kubana pesa, usizibane kwenye bawaba na reli za droo. Droo hufunguliwa kila siku, makabati ya juu hufunguliwa Krismasi.

Hayo ya juu, kwa maoni yangu, ndiyo ya kuacha kwanza. Ni ghali, mama mfupi hayafikii, na vilivyomo ni vile ambavyo Pwani wangeviweka kwenye zidaka chumba cha ndani. Rafu mbili za wazi zinatosha.

Kuna jambo ambalo mapokeo hayatusaidii kwa sababu halikuwepo: gesi. Mawe matatu yalitoa moshi, na moshi unaonekana, unakohoza, unatoka nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kulala chini. Kuufungia mtungi wa kilo 13 ndani ya kabati lisilo na matundu, kwa sababu tu hauvutii machoni, ni kutengeneza kisima cha gesi chini ya moto. Mtungi ukae nje, bomba lipite ukutani. Isipowezekana, kabati lake liwe na matundu ya hewa chini kabisa, si juu.

Na usijenge jiko la ndani kwa ajili ya ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu. Siku hiyo sufuria zitakuwa uani, juu ya kuni, na wanawake kumi wakizizunguka, hata ukiwa na makabati ya Italia. Jenga kwa ajili ya jioni ya katikati ya wiki: mtu mmoja au wawili, ugali, sukuma, watoto wanauliza chakula kiko wapi. Kisha tenga sehemu ya pesa kwa kibaraza cha nyuma chenye bomba, paa la mabati, kinjia cha maji machafu, na pa kuweka jiko la makaa la githeri. Nimeona bajeti nyingi za ukarabati, na kibaraza hicho ndicho hufutwa kwanza ili graniti ibaki. Ningefuta graniti.

Kwa hiyo, msomaji unayejiandaa kutoa malipo ya awali: usiende karakana na simu peke yake. Beba sufuria yako kubwa kuliko zote, na uende na yule anayepika. Asimame mbele ya kaunta ya maonyesho, aiweke sufuria juu, ashike mwiko, fundi apime pale kiwiko chake kilipo. Ndipo mzungumzie bei.