Saadani: Ndege wa Mto Wami na Pwani

Hapa nyika inafika hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Saadani, kati ya Bagamoyo na Pangani, ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Saa nzuri ya kutazama ndege ni maji yakipwa, tope la mikokoni likiwa wazi. Chekeamwezi, waliohama baridi ya Ulaya na Asia, hukimbia wakidonoa, mdomo ukizama na kuibuka na kijidudu. Kando ya Wami mdiria hutulia tawini, mara akajitupa majini. Heroe hukusanyika kwenye mabwawa ya chumvi, na kwa kweli hao peke yao wanatosha safari.

Ufuoni Madete kasa hutaga mayai usiku.

Tembea na askari wa hifadhi: viboko na simba wapo. Tafadhali usisogelee viota.